Wasomaji Wanauliza: Mbona Jeshi Langu Huzidiwa Kila Mwezi wa Pili?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu michezo ya mkakati inayochezwa kwa zamu, ile ambayo kila upande husogeza majeshi yake yote kisha humpisha mwenzake, na ambayo ulimwengu wake umejaa majoka, wachawi na wafu wanaotembea. Miwili ndiyo inayotajwa zaidi: Heroes of Might and Magic III, uliotengenezwa na studio ya New World Computing na kutolewa mwaka 1999, na The Battle for Wesnoth, ulioanzishwa na David White mwaka 2003 na ambao hadi leo hugawiwa bure. Nimechagua barua tano na kuzifupisha kidogo.

Ndugu Mhariri, katika Heroes III mimi hujenga mji wangu kwanza mpaka ukamilike, na shujaa wangu mkuu hubaki ngomeni akiulinda. Hata hivyo, kila ninapofika mwezi wa pili kompyuta hunijia na jeshi kubwa mara mbili ya langu. Je, kompyuta inaiba? – Mlinzi wa Ngome

Ndugu Mlinzi, haikuibii. Inakutangulia kwa siku, na katika mchezo huu siku ndiyo mali adimu kuliko dhahabu. Wiki ina siku 7, mwezi una wiki 4, na kila mji unaruhusiwa kujenga jengo 1 tu kwa siku. Kwa hiyo kila jengo lina bei mbili: ile inayoandikwa kwenye skrini, na ile isiyoandikwa, yaani siku moja ya ujenzi ambayo hairudi tena.

Tuangalie mapato ya mji, kwa maana hapo ndipo wajenzi wengi wanapojidanganya. Jumba la kwanza la utawala huingiza dhahabu 500 kwa siku. Ukilipandisha kwa dhahabu 2,500 utapata 1,000; ukiongeza 5,000 utapata 2,000; na ukilipa 10,000 kwa ajili ya jumba la juu kabisa, ambalo huruhusiwa kuwa nalo moja tu katika himaya yako yote, utapata 4,000 kila siku. Piga hesabu na utaona jambo la kupendeza: kila hatua, ndogo kwa kubwa, hurudisha gharama yake kwa siku 5. Hesabu hiyo, hata hivyo, haijumlishi majengo yanayotangulia, kwani jumba la tatu hudai soko, mhunzi na chama cha wachawi, na lile la juu kabisa hudai ngome iliyokamilika. Swali la kujiuliza basi si kama jumba litalipa, maana hakika litalipa, bali ni siku ngapi zimebaki kabla ya vita vya kwanza vikubwa. Kwenye ramani ndogo ambayo adui anaweza kukufikia katika wiki ya pili, jumba la juu kabisa ni anasa. Kwenye ramani kubwa ni lazima.

Wanajeshi nao hufuata kalenda. Viumbe wapya huzaliwa siku ya kwanza ya kila wiki, na wale usiowanunua hubaki wakikusubiri katika makazi yao. Hii ina maana kwamba mtu anayejenga makazi ya viumbe siku ya 7 anavuna mara mbili kwa haraka, kwa sababu makazi mapya huja na viumbe wa kuanzia na kesho yake wengine huongezeka, ilhali anayejenga yaleyale siku ya 2 atasubiri karibu wiki nzima kuona ongezeko. Hatua ya pili ya ngome huongeza uzazi huo kwa nusu, na hatua ya tatu huuongeza maradufu. Ndiyo maana wachezaji wazoefu hujitahidi kuikamilisha ngome kabla ya wiki kugeuka, hata kama wiki hiyo hawatakuwa na dhahabu ya kununua kila kiumbe kilichozaliwa.

Sasa nije kwa shujaa wako anayekaa ngomeni, ambaye kwa maoni yangu ndiye chanzo kikuu cha maafa yako. Shujaa asiyetembea haongezi uzoefu, hateki migodi, haokoti masanduku ya hazina na hajifunzi uchawi. Wakati huohuo vikosi vya porini vinavyolinda njia na migodi havibaki jinsi vilivyokuwa. Vinaongezeka kadiri wiki zinavyopita, hivyo kikosi ambacho ungekimaliza siku ya 4 bila kupoteza mtu kinaweza kukugharimu nusu ya wapiga mishale wako siku ya 20. Methali ya haraka haraka haina baraka ina mahali pake, lakini si katika wiki ya kwanza ya mchezo huu.

Mpeleke shujaa mkuu mbele akiwa na jeshi lote ulilonalo, kisha uajiri mashujaa wasaidizi kwa dhahabu 2,500 kila mmoja. Mchezo unakuruhusu kuwa na mashujaa 8 ramanini. Bei hiyo huonekana kubwa mpaka uone kazi wanayoifanya: mmoja anaokota mbao na madini, mwingine anateka kiwanda cha mbao kinachotoa 2 kwa siku, mwingine anafunua giza la ramani ili ujue adui atatokea wapi. Kuna na matumizi mengine yasiyofahamika kwa wageni. Uwezo wa kutembea ni wa shujaa na si wa askari wake, kwa hiyo jeshi linaloachwa na shujaa aliyechoka na kuchukuliwa na mwenzake aliye karibu linaweza kuendelea na safari siku ileile. Panga mashujaa watatu njiani, kila mmoja akimkabidhi anayefuata, na askari waliozaliwa asubuhi mjini watakuwa mpakani kabla ya siku kwisha.

Kumbuka pia kwamba umbali ambao shujaa anaweza kwenda huamuliwa mwanzoni mwa siku na kiumbe mzito kuliko wote jeshini mwake. Msaidizi anayebeba mfu mmoja anayejikokota anakuwa mzembe kwa ajili ya huyo mmoja. Mwachie kiumbe mwepesi peke yake, na atakwenda mbali zaidi kwa gharama ileile.

Mhariri, ninashinda mapigano mengi lakini ninatoka nikiwa hoi. Wapiga mishale wangu hufa kwanza kila mara, na kufikia pigano la tatu sina jeshi. Nifanye nini? – Mshindi Maskini

Ushindi unaokugharimu jeshi katika mchezo huu ni nusu ya kushindwa, kwa kuwa askari waliokufa hurudishwa na wiki ijayo tu. Jeshi lina nafasi 7 za vikosi, na wengi huzijaza kwa aina tofauti za viumbe kana kwamba ni maonyesho. Jaribu kuzitumia vingine. Kila kikosi kinachoshambuliwa kwa karibu hupiga pigo la kujibu, lakini mara 1 tu katika kila mzunguko, isipokuwa viumbe wachache wenye kipaji maalumu kama vile grifini. Ukitenga kiumbe 1 dhaifu kwenye nafasi yake mwenyewe na kumtanguliza kumpiga adui mkubwa, pigo la kujibu litamwishia huyo, na vikosi vyako vya maana vitashambulia bila kujibiwa. Viumbe hao wa pekee wana kazi ya pili pia: kuwazunguka wapiga mishale ili adui asipate pa kusimama kando yao. Mpiga mishale aliyekaribiwa hawezi kurusha mshale, na wengi wao wakilazimika kupigana kwa mkono hutoa nusu tu ya madhara yao.

Usikimbilie kufyatua ukiwa mbali mno. Adui akiwa zaidi ya vigae 10 kutoka kwako, yaani zile nafasi za pembe sita zinazougawa uwanja, mishale hupungua nguvu kwa nusu, na uwanja wenyewe una upana wa vigae 15, kwa hiyo katika mzunguko wa kwanza mara nyingi ni afadhali kumwacha yeye aje. Hapo kitufe cha kusubiri kina thamani kubwa kuliko uchawi mwingi. Kikosi chepesi kinachosubiri hutenda mwishoni mwa mzunguko, baada ya adui kwisha kusogea, kisha hutangulia tena mwanzoni mwa mzunguko unaofuata. Kwa maneno mengine hupiga mara mbili mfululizo kabla adui hajainua mkono.

Kuhusu uchawi nitasema jambo moja tu. Wageni hupenda radi na moto kwa kuwa huonekana, lakini katika mapigano makubwa uchawi wa kupunguza mwendo, hasa shujaa akiwa bingwa wa uchawi wa ardhi na hivyo kuuelekeza kwa maadui wote kwa pamoja, huokoa askari wengi zaidi. Adui anayehitaji mizunguko mitatu kukufikia badala ya mmoja amewapa wapiga mishale wako mizunguko miwili ya bure. Pia mwelekeze shujaa mkuu mmoja kupata nguvu zote za vita, kwa sababu alama zake za kushambulia huongezwa kwa kila kiumbe anayemwongoza: kila alama 1 ya shambulio inayozidi ulinzi wa adui huongeza madhara kwa asilimia 5, ilhali kila alama ya ulinzi inayozidi shambulio huyapunguza kwa asilimia 2.5. Tofauti ya alama 10 kwa upande wako ni sawa na kuwa na nusu ya jeshi jingine lisilolipwa mshahara.

Ndugu Mhariri, ninaamini Wesnoth inadanganya. Mchawi wangu alikuwa na uwezekano wa asilimia 70 na akakosa mara tatu zote, kisha orki, yule kiumbe katili wa giza, aliyekuwa na asilimia 40 akampiga kila pigo mpaka akafa. Si mara ya kwanza. – Mwenye Nuksi

Ndugu yangu, barua za aina hii hunifikia kuliko nyingine zote, na ninazielewa, kwa sababu jicho la mwanadamu likiona asilimia 70 husoma “hakika”. Tufanye hesabu pamoja. Mchawi wa daraja la kwanza hurusha mara 3, na mashambulizi ya kichawi hupata kwa asilimia 70 popote adui alipo. Uwezekano wa kupata mara zote tatu ni 0.7 × 0.7 × 0.7, yaani asilimia 34.3 tu. Kwa hiyo ukipanga zamu yako kwa kutegemea kwamba mapigo yote matatu yatafika, umepanga jambo ambalo kwa kawaida halitatokea. Uwezekano wa kukosa yote matatu ni asilimia 2.7, karibu mara moja katika kila 37. Katika kampeni moja, yaani mfululizo wa mapambano ya hadithi moja, wachawi wako hushambulia mara nyingi sana, hivyo balaa hilo litakukuta tena na tena, nawe utalikumbuka, huku zile mara nyingi ambazo walipata mawili au matatu zikisahaulika jioni ileile.

Ambacho ningependa ukifanye ni kuacha kuuliza kama pigo litapata na kuanza kuuliza itakuwaje likikosa. Dirisha la shambulio lina kitufe kinachoonyesha hesabu za madhara, yaani uwezekano wa kila upande kubaki na uhai kiasi fulani. Lifungue kabla ya kila shambulio la maana. Ukiona kwamba mchawi wako akikosa atabaki peke yake mbele ya orki watatu, shambulio hilo ni baya hata kama uwezekano wake ni mzuri. Tanguliza askari mwenye ngao achukue nafasi ya mbele, mchawi apige akiwa na mtu kando yake, na uache kigae cha nyuma wazi ili aweze kurudi zamu ijayo.

Tena, asilimia hizo hazitoki angani, zinatokana na ardhi. Askari wa kawaida anayesimama kwenye uwanda hupigwa kwa asilimia 60, na akiwa ndani ya ngome kwa asilimia 40. Elvi, wale watu wa msituni wenye upinde, wakiwa kati ya miti hupigwa kwa asilimia 30 hadi 40 hivi. Sasa mtazame mchawi mwenye asilimia zake 70 zisizobadilika. Dhidi ya orki aliye uwandani faida yake ni alama 10 tu juu ya askari yeyote, na kwa alama hizo 10 unamhatarisha mtu dhaifu wa mwili. Dhidi ya elvi aliyejificha msituni faida hiyo hufika alama 30 hadi 40. Mchawi ni wa kuwatoa watu mafichoni. Kumtumia uwandani ni ubadhirifu.

Kisha kuna saa, ambayo naona hukuitaja kabisa. Siku ya Wesnoth ina zamu 6: alfajiri, asubuhi, alasiri, magharibi, na zamu mbili za usiku. Viumbe wa nuru, kama vile askari wengi wa kibinadamu, huongezewa madhara kwa asilimia 25 asubuhi na alasiri na kupunguziwa kiasi hichohicho usiku, na viumbe wa giza, wakiwemo orki na wafu, huwa kinyume chake. Elvi wengi hawadhuriki wala kunufaika kwa saa yoyote. Usiku basi orki mwenye pigo la 8 hupiga kwa 10, huku askari wako wa 8 akipiga kwa 6. Mchawi wako alikufa saa ngapi? Kama ilikuwa usiku, kilichomuua ni kalenda, na bahati ilisaidia tu. Namna ya kucheza na orki ni kurudi nyuma jua linapozama, kukaa kwenye vijiji ambavyo huponya alama 8 kwa zamu, kuwaacha wakufuate mpaka wametawanyika, kisha kugeuka alfajiri wakiwa uwandani na mbali na makazi yao. Mtu anayeona aibu kurudi nyuma hatafika mbali katika mchezo huu.

Unaporudi, usiogope mianya midogo kati ya askari wako. Kila askari wa daraja la kwanza na kuendelea hutawala vigae 6 vinavyomzunguka, na adui anayeingia hapo hulazimika kusimama. Askari wawili walioachana kwa vigae viwili huziba njia kwa zamu hiyo kama vile wangekuwa wanne.

Mhariri, kompyuta yangu ni ya zamani na sijawahi kucheza mchezo wa aina hii. Nianze na upi, na toleo lipi? – Mgeni

Anza na Wesnoth. Ni bure, hukubali kompyuta za Windows, macOS na Linux, na una somo la utangulizi ambalo tafadhali usiliruke. Baada ya hapo chagua kampeni iitwayo The South Guard, iliyotungwa kwa ajili ya wanaoanza; wengi huvutiwa na Heir to the Throne kwa umaarufu wake, nayo ni ndefu na haina huruma kwa asiyejua kurudi nyuma. Ukija kununua Heroes III, tafuta toleo kamili lenye nyongeza zake mbili, Armageddon's Blade na The Shadow of Death. Toleo lenye picha zilizonolewa lililotolewa mwaka 2015 na Ubisoft halina nyongeza hizo, na kwa mawazo yangu picha nzuri hazifidii ramani na mashujaa wanaokosekana.

Ndugu Mhariri, kila ninapompoteza askari mzoefu huurudisha mchezo nyuma kwenye hifadhi ya zamu iliyopita. Rafiki yangu anasema huo ni udanganyifu. Nani yuko sahihi? – Asiyepoteza Mtu

Ukicheza peke yako hakuna unayemdanganya, kwa hiyo sitakuhukumu. Fire Emblem, mfululizo ulioanza nchini Japani mwaka 1990 na kujulikana kwa kanuni yake kwamba aliyekufa vitani harudi, uliongeza mwaka 2010 namna nyepesi ya kucheza ambayo askari waliopotea hurejea baada ya pigano. Ikiwa watunzi wenyewe wamelegeza kanuni, mchezaji ana haki ya kufanya hivyo chumbani mwake.

Hoja yangu ni nyingine, nayo ni ya faida. Anayerudisha mchezo kila anapopoteza mtu huishia kuwa na wakongwe wachache wenye nguvu na nyuma yao hana mtu. Wesnoth hudai dhahabu 20 kumwita tena mkongwe mmoja, na wakati wa vita kila askari hula dhahabu kwa zamu kulingana na daraja lake, isipokuwa pale vijiji vyako vinapotosha kuwabeba. Wakongwe watano wa daraja la tatu ni mzigo wa 15 kwa zamu, na bado hawawezi kuwa mahali sita kwa wakati mmoja. Askari mpya wa bei nafuu anayefia kwenye daraja la mto akiwa amewachelewesha orki mpaka alfajiri amefanya biashara nzuri kwa niaba yako. Kampeni nyingi pia hukupa dhahabu ya ziada ukimaliza pambano kabla ya zamu ulizopewa kwisha, na dhahabu hiyo mara nyingi hununua zaidi ya yule mmoja uliyemrudishia mchezo.

Kama unataka wakongwe wengi bila kurudisha chochote, gawa mauaji kwa mpango. Askari anayepigana hupata alama za uzoefu sawa na daraja la adui, yaani 1 kwa adui wa daraja la kwanza, lakini anayemaliza adui huyo hupata 8, na 16 akiwa wa daraja la pili. Waache wenye nguvu wamdhoofishe adui, kisha pigo la mwisho mwachie mchawi chipukizi, ambaye akipanda daraja anaweza kuwa mganga anayewaponya kwa alama 8 wote waliosimama kando yake kila zamu. Mpate huyo mapema, mweke katikati ya safu, na zile zamu ulizokuwa ukizipoteza kuwarudisha majeruhi kijijini utazitumia kusonga mbele.